Stelingi Juu ya Paa: Kanuni Nne Rahisi za Vita vya Mezani, na Ipi Uichague

Watu wawili wanapigana juu ya paa la ghorofa kumi na mbili. Nyuma ya mmoja wao zimebaki hatua mbili, kisha hewa tupu. Ngumi inapotua, hakuna mtazamaji anayejiuliza amepungukiwa na uhai kiasi gani. Macho yote yanashuka kwenye miguu yake.

Hapo ndipo ninapoanzia kila ninapoulizwa na mtu anayeingia kwenye michezo ya sanamu ndogo, zinazopiganishwa mezani kwa dadu na rula: nichukue kanuni zipi rahisi nizigeuze ziwe za mashujaa wenye nguvu za ajabu? Wengi hukimbilia orodha ya nguvu. Kuna kupaa? Kuna macho ya moto? Kuna mwili wa chuma? Kwa vita vya juu ya paa hiyo ni kuhangaikia kachumbari wakati wali haujainjikwa. Nguvu utaziandika mwenyewe jioni moja. Kigumu kuongeza baadaye ni kile kinachompata aliyezidiwa kwenye pigo moja: anabaki palepale na alama pungufu, au anasogea? Kanuni inayomsogeza hulifanya paa kuwa silaha. Isiyomsogeza hulifanya paa kuwa sakafu iliyoinuliwa, na mngeweza kupigana barabarani bila kupoteza kitu.

Nimelinganisha nne ambazo nimezichezea mara nyingi: Song of Blades and Heroes, Frostgrave, kanuni za vikosi vidogo za One Page Rules, na Mordheim. Hakuna hata moja iliyoandikwa kwa ajili ya mashujaa wa barakoa. Ipo michezo iliyotungwa kwa ajili yao hasa, kama HeroClix ya mwaka 2002 na Marvel: Crisis Protocol ya 2019, na ni mizuri. Lakini wa kwanza umejengwa juu ya kitako cha sanamu chenye gurudumu la namba linalozungushwa kila shujaa anapoumia, na wa pili unadai sanamu zake, kadi zake na dadu zake maalumu za pande nane. Hapa nasema na mwenye dadu za kawaida, sanamu zozote alizonazo, na maboksi.

| Kanuni | Dadu | Aliyezidiwa hupatwa na nini | Kazi ya kuigeuza |
|---|---|---|---|
| Song of Blades and Heroes | pande 6 | hurudi nyuma, huanguka chini, au hutoka | ndogo |
| Frostgrave | pande 20 | hupungua uhai. Mshindi anaweza kumsukuma inchi moja | ya kati |
| One Page Rules | pande 6, nyingi kwa pamoja | hupata jeraha, habanduki alipo | ya kati |
| Mordheim | pande 6, hatua kwa hatua | hulala, huzimia au hutoka. Akiwa ukingoni hujaribiwa asianguke | kubwa |

Song of Blades and Heroes: pigo lenye miguu

Hii ni kazi ya Mwitaliano Andrea Sfiligoi, iliyotoka 2007 chini ya Ganesha Games. Kila mhusika hubebwa na namba mbili. Ya kwanza niite Ubora: namba unayotakiwa kufikisha kwenye dadu ili utende kitu, na kadiri ilivyo ndogo ndivyo mhusika alivyo bora. Ya pili niite Pigano: unaiongeza kwenye dadu mnapogombana.

Uzuri wa kwanza uko kwenye kutenda. Zamu yako ikifika unachagua kurusha dadu moja, mbili au tatu kwa mhusika mmoja. Kila inayofikisha Ubora wake ni kitendo kimoja. Mbili zikishindwa, anamaliza vitendo alivyovipata kisha zamu inakwenda kwa mwenzako, hata kama nusu ya kikosi chako haijagusa kitu. Mwenye Ubora wa 3+ (yaani anahitaji 3 au zaidi) akirusha tatu ana nafasi 7 kati ya 27 za kuipoteza zamu, karibu asilimia 26. Mwenye 4+ ana nafasi nusu kwa nusu. Mwenye 2+ haifiki hata asilimia 8. Tofauti hiyo ndiyo inayomtenga stelingi na mhuni wa kukodiwa bila kuandika nguvu yoyote. Stelingi anathubutu, mhuni anatetemeka.

Uzuri wa pili ndio ulionifanya niipende kuliko nyingine. Mkigombana, kila mmoja anarusha dadu moja na kuongeza Pigano lake. Mwenye jumla ndogo amezidiwa. Ikiwa hakuzidiwa maradufu, yaani jumla ya mshindi haijafika mara mbili ya yake, unaitazama dadu ya mshindi: namba witiri, aliyezidiwa anarudi nyuma, namba shufwa, anaanguka chini. Akizidiwa maradufu, ametoka mchezoni.

Weka stelingi wawili wenye Pigano 4 uso kwa uso. Kati ya matokeo 36 yanayowezekana, yule wa kwanza anamwangusha mwenzake chini mara 8, anamrudisha nyuma mara 6, na anamtoa mara 1 tu. Nadhani hicho ndicho tunachokitaka: watu wanaotupana huku na huko, si watu wanaopunguziana alama wamesimama kama foleni ya benki. Sasa mweke stelingi wa Pigano 4 na mhuni wa Pigano 2. Stelingi anamtoa kwa pigo moja mara 9 kati ya 36, yaani robo. Mhuni anamzidi stelingi mara 6 kati ya 36, na hata akimzidi hawezi kumtoa, kwa sababu hesabu ya maradufu haifiki. Anaweza kumrudisha nyuma au kumwangusha chini, basi. Na kama nyuma kuna ukingo wa paa, umeelewa kwa nini wahuni sita bado ni hatari.

Kasoro yake kubwa ni ukatili kwa aliyeanguka. Katika kanuni za asili, aliye chini akizidiwa tu amekwisha, hata bila maradufu. Kwa mapanga na mazimwi inafaa. Kwa mashujaa haifai hata kidogo. Sote tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua stelingi hafi, angalau hafi dakika ya kumi. Dawa ni nyepesi, na nitaieleza mbele.

Frostgrave: dadu ya pande ishirini na presha zake

Joseph A. McCullough aliitunga, Osprey wakaichapisha mwaka 2015. Ni vita vya wachawi na watu wao katika magofu ya mji ulioganda. Kanuni yake ya kupigana mtu anaimeza kwa dakika tano: kila mmoja anarusha dadu ya pande 20 na kuongeza Pigano lake, mwenye jumla kubwa analinganisha jumla hiyo na deraya ya mwenzake, yaani namba ya vazi lake la kujikinga, na kinachozidi ndicho uhai unaopotea.

Tatizo lake kwa kazi yetu ni dadu yenyewe. Pande 20 ni uwanja mpana, na nyongeza ndogo humezwa humo. Stelingi wa Pigano +5 akikutana na mhuni wa +2, mhuni anashinda mara 34 kati ya 100. Linganisha na mara 17 za Song of Blades, ambako pengo lao ni la namba 2 tu. Pia mchawi wa kuanzia ana uhai 14 na deraya 10: adui wa +2 akirusha 20 anafikisha 22, anatoa 12, na pigo moja limebakisha uhai 2. Mimi sioni raha kumtazama shujaa niliyempaka rangi wiki nzima akidondoshwa na mlinzi wa ghala kwenye zamu ya kwanza. Njia niliyoiona inasaidia ni kubadilisha ile dadu moja kwa dadu mbili za pande 10. Ushindi wa mhuni unashuka kuwa kidogo zaidi ya robo, na namba za mwisho kabisa zinakuwa adimu.

Hata hivyo Frostgrave ina mambo mawili yanayoifaa sana anga ya paa. Baada ya pambano mshindi anaweza kumsukuma mwenzake inchi moja. Ukiruhusu msukumo huo uvuke ukingo, tayari una mchezo wa mapaa. Jambo la pili ni uchawi. Kila uganga una namba ya kufikisha kwenye dadu, na ukikosa kwa mbali unaumia mwenyewe. Ndani ya orodha yake tayari kuna uganga wa kumrukisha mtu mbali na uganga wa kumsukuma adui. Futa neno uchawi, andika nguvu, na una shujaa anayejichosha kwa kutumia kipaji chake kupita kiasi. Shujaa wa kutumia akili kusogeza vitu, au wa kutawala upepo, anakaa hapa vizuri kuliko kwenye kanuni nyingine yoyote kati ya hizi nne.

Kuna na kumbukumbu. Frostgrave imekusudiwa kuendelezwa: mhusika mkuu anapata uzoefu, anapanda daraja, mali inaongezeka, majeraha yanabaki. Kama unataka hadithi ya wiki kumi, ambamo adui aliyetupwa kutoka paa la kwanza anarudi na jicho moja kwenye paa la tano, uko nyumbani.

One Page Rules: nyepesi kuliko zote, na nzito mahali pasipotakiwa

Kanuni zake za msingi hutolewa bure, na jina halidanganyi: kurasa ni chache. Wachezaji wanapokezana, mhusika mmoja huyu, mmoja yule, kwa hiyo hakuna anayekaa dakika kumi akimtazama mwenzake. Kusogea ni inchi 6, kukimbia au kuvamia ni 12. Mpigaji anarusha dadu kwa idadi ya mapigo yake. Kila inayofikisha Ubora wake imegusa. Mpigwaji anarusha dadu kwa kila mguso. Inayofikisha Ulinzi wake imezuia. Mtoto wa miaka minane anaishika, mpwa wangu aliishika kabla chai haijapoa.

Lakini pigo halina miguu. Mtu anaguswa, anazuia au hazuii, na yuko palepale. Niliicheza mara tatu juu ya mapaa niliyoyajenga kwa bidii, na mara zote tatu pambano la mwisho lilikuwa katikati ya paa, kila mtu amesimama akirusha dadu. Ukingo ulikuwa pambo.

Unaweza kuirekebisha kwa sentensi moja: kila mguso uliotoka kwenye dadu ya 6 humsukuma mpigwaji inchi 2, uwe umezuiwa au haukuzuiwa. Inafanya kazi. Stelingi mwenye mapigo manne anasukuma mara nyingi kuliko mhuni mwenye moja, na hiyo ni haki. Sifa zake zilizokwisha andikwa, kama kupaa na ugumu wa kuvumilia majeraha mengi, zinakupunguzia kazi. Ila ujue kwamba msukumo hapo ni kiraka juu ya nguo, si mshono wake. Hautegemei nani amemzidi nani, unategemea sita tu.

Mordheim: bingwa wa ukingo, mzee wa mwendo

Games Workshop waliitoa 1999, na waliacha kuichapisha zamani, ingawa wachezaji wake hawajaiacha. Kama ningeulizwa ni kanuni ipi kati ya hizi inayoujua ukingo wa jengo kwa moyo wake wote, ningetaja hii bila kusita.

Hebu tazama. Unaruka pengo la hadi inchi 3 kutoka paa hadi paa, na unajaribu Wepesi wako, ukishindwa unaanguka. Unaruka kushuka hadi inchi 6, na kila inchi 2 kamili inadai jaribio. Kama chini yako kuna adui, unaweza kumrukia kutoka juu: ukifaulu majaribio, unapata nyongeza ya kumgusa na nyongeza ya nguvu kwenye pigo. Ukiangushwa au kuzimishwa ukiwa ndani ya inchi moja kutoka ukingoni, unajaribu Wepesi, na ukishindwa unapitiliza. Anayeanguka anapata kati ya pigo moja na matatu, na nguvu ya kila pigo ni sawa na inchi alizoanguka. Aliyeandika haya alikuwa amesimama ukingoni kichwani mwake.

Shida ni mwendo wake. Pigo moja linapita milango minne: umegusa? umejeruhi? deraya imezuia? na kama uhai umekwisha, jeraha ni la aina gani, kulala, kuzimia au kutoka? Halafu mhusika ana namba tisa. Kwa kikosi cha watu kumi jioni inapita vizuri kwa walioizoea. Kwa mashujaa, ambao tunataka wapigane kwa kasi ya sinema, inakuwa kama kusimamisha mkanda kila ngumi inapotua.

Kwa hiyo ushauri wangu juu ya Mordheim ni tofauti na nyingine: usiichague kuwa mwili wa mchezo wako. Ichukulie kanuni za ukingo peke yake, uzibebe uende nazo kwenye Song of Blades. Wepesi unageuka kuwa jaribio la Ubora, dadu moja, na kila kitu kingine kinakaa.

Namna ninavyozishona pamoja

Mwili ni Song of Blades. Mabadiliko yangu ni machache, na kila moja lina sababu.

Kwanza, pumzi. Stelingi na adui mkubwa wana pumzi tatu kila mmoja. Wahuni wana moja. Chochote ambacho kanuni za asili zingemtoa nacho mtu, hapa kinampunguzia pumzi moja na kumlaza chini. Vizibo vya soda vinatosha kuhesabia. Usiongeze zaidi ya tatu. Nilijaribu tano, na mchezo ulikwenda hadi usiku wa manane bila mtu kuogopa chochote.

Pili, urefu wa msukumo. Katika asili anayerudi nyuma anakwenda upana wa kitako chake, kama inchi moja. Kwa mtu aliyepigwa na ngumi inayopasua ukuta, inchi moja ni dharau. Mimi natumia tofauti ya jumla zao: 9 kwa 6, anaruka inchi 3 nyuma. HeroClix ina wazo la jamaa moja: dadu mbili za mpigaji zikitoka namba sawa, mpigwaji anarushwa nyuma kwa kadiri alivyoumia. Akigonga ukuta au tangi njiani, anaishia hapo na kuanguka chini.

Tatu, vidole. Msukumo ukimpitisha mtu ukingoni, anarusha dadu moja dhidi ya Ubora wake. Akifaulu, ananing'inia. Kupanda ni kitendo kimoja, na mwenzake aliye jirani anaweza kumvuta kwa kitendo chake mwenyewe. Adui akimfikia kwanza, anampiga aliyening'inia akiwa na nyongeza ya 2. Sijaona kanuni nyingine fupi hivi inayowafanya watu wasimame kutoka vitini. Akishindwa jaribio, au akipigwa akaachia, anaanguka hadi kwenye sakafu ya kwanza inayomdaka, anapoteza pumzi moja na kulala hapo. Kwa mhuni huo ndio mwisho wake. Kwa stelingi ni mwanzo wa kupanda tena.

Nne ni kupaa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo michezo mingi ya namna hii inapovunjika. Ukimruhusu mtu apae bila mpaka, paa linakufa. Hana haja ya ngazi, haogopi ukingo, hajali pengo, na akisukumwa anaelea tu kama puto. Wenzake wanacheza mchezo mmoja, yeye anacheza mwingine. Kwangu kupaa ni kuruka kurefu: unaanza kwenye kitu kigumu na unamaliza mwendo wako kwenye kitu kigumu. Hakuna kuelea mwisho wa zamu. Akisukumwa nje ya ukingo anajaribu Ubora kama wengine, ila akifaulu anatua juu ya paa lolote lililo ndani ya inchi 6 badala ya kuning'inia. Akimbeba mtu, kila mwendo ni vitendo viwili. Kwa masharti hayo anabaki wa ajabu bila kuwaibia wengine jukwaa.

Nguvu nyingine ziwe mbili tu kwa kila mhusika, na kila moja isomeke kwa pumzi moja ya msomaji. Nguvu ya mwili: vitendo viwili, unang'oa kitu kilicho jirani na kukitupa, Pigano lako likiwa na nyongeza ya 1. Kutambaa ukutani: ukuta ni barabara. Kamba: unavuka pengo la hadi inchi 8 bila jaribio. Ukishaandika mistari kumi ya namna hii, umemaliza.

Jenga mapaa yenye sababu

Mashujaa hawa walizaliwa kwenye magazeti ya picha ya Marekani, na mji wanaouruka, hata ukipewa jina la kubuni, mara nyingi ni New York. Kuujua mji huo kidogo kunakupa meza bora kuliko kununua majengo ya duka.

Ramani ya mwaka 1811 iliyoichora Manhattan kwa mistari iliyonyooka iliipa mitaa ya kawaida upana wa futi 60 na zile barabara kubwa futi 100, na haikuweka vichochoro vya nyuma. Kwa sanamu za milimita 28, kipimo cha 1 kwa 60 kinakaa vizuri, na futi 60 zinakuwa inchi 12 mezani. Mtaa basi ni bahari. Hakuna anayeuruka bila nguvu yake. Ndani ya kizuizi kimoja cha majengo, kinyume chake, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta na kinachotofautiana ni urefu. Kati ya nyumba za kupanga zilizojengwa baada ya sheria ya 1879 kulikuwa na mashimo ya hewa, membamba, hayafiki mita moja na nusu. Hiyo ni inchi moja mezani: mtu wa kawaida analiruka, mtu aliyesukumwa analiangukia. Ukichanganya mapengo ya inchi 1, ya inchi 3 na mtaa mmoja wa inchi 12, kila mhusika anapata mahali pa kuonyesha alicho nacho.

Sheria ya ujenzi ya 1916 nayo ni zawadi kwa mchezaji. Ililazimisha majengo marefu yarudi ndani kadiri yanavyopanda ili mwanga ufike chini, ndiyo maana minara ya wakati ule ina ngazi kama keki ya harusi. Kwenye kanuni ya vidole, kila ngazi ni sakafu inayodaka. Boksi la viatu chini, la simu juu yake, na anayeanguka hatui mtaani, anatua inchi nne chini akiwa bado mchezoni.

Matangi ya mbao juu ya mapaa yapo kwa sababu msukumo wa maji ya mji hutosha kufikia kama ghorofa ya sita tu. Jengo linalozidi hapo hulazimika kupandisha maji kwa pampu. Kopo la nyanya, kofia ya karatasi ya pembe, miguu minne ya vijiti vya mishikaki. Mwenye nguvu ya mwili akiling'oa, paa lote hilo linakuwa telezi: kila anayesukumwa juu yake anakwenda inchi moja zaidi. Ngazi za dharura za chuma zikae upande wa nje wa ukuta, kila ghorofa na kibaraza chake, na ziwe njia ya kupandia wasio na nguvu.

Basi, uchague ipi

Ukicheza na mtoto, au na mgeni ambaye hajawahi kushika mchezo wa aina hii, anza na One Page Rules na ile sentensi yangu ya msukumo wa dadu ya 6. Kupokezana kwake kunamfanya asichoke, na kosa halimgharimu zamu nzima. Ile ya Song of Blades ya kupoteza zamu inaweza kumliza mtoto, na nimeona.

Kama mko wawili, watu wazima, na mna saa moja na nusu, chukua Song of Blades na vidole vya Mordheim. Stelingi wawili na rafiki mmoja upande huu, adui mkubwa na wahuni sita upande ule. Ni ile ninayoirudia mimi mwenyewe kila wiki na sina mpango wa kuiacha.

Frostgrave ichague kwa sababu mbili tu: mashujaa wako ni wa nguvu za akili na maumbile zaidi ya ngumi, au unataka hadithi ndefu yenye kumbukumbu. Badilisha dadu kabla ya mchezo wa kwanza, usisubiri ujutie. Mordheim nzima nzima nawaachia wanaoijua tayari na wana siku nzima ya Jumapili. Kwao vazi la barakoa ni badiliko la rangi tu, kanuni ziko tayari mikononi.

Kuna jambo moja ambalo hakuna hata moja kati ya hizi nne inalo, na mimi huliweka kwenye kila meza: raia. Stelingi asiye na mtu wa kuokoa ni mgomvi aliyevaa nguo za kubana. Weka raia mmoja amening'inia kwenye ngazi ya dharura upande wa kaskazini, na kila mwisho wa duru rusha dadu. Ikitoka 1, mkono mmoja umeachia, na ya pili ikitoka 1, anaanguka. Upande wa kusini, inchi kumi na nne kutoka hapo, adui anafungua kasiki na anahitaji vitendo vitano kumaliza. Stelingi aanze katikati, juu ya tangi la maji, akiwa na Ubora wa 3+ na dadu tatu mkononi.